Hali na Hari ya Maji

Tangi la kwanza la samaki nililowahi kulitengeneza lilikaa katika chumba ambacho sikuruhusiwa kuingia. Vitabu vyote vya samaki wa mapambo nilivyosoma baadaye huanza kwa kumshauri msomaji achague mahali pazuri, aweke tangi, asimame mbele yake na kutazama. Mimi nilisimama nje ya dirisha, upande wa pili wa pazia la maua, na karibu yote niliyoyajua kuhusu samaki yule niliyajua kwa kusikia.

Chumba kilikuwa cha mama mkwe. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati wa mvua ndefu, naye alikuwa ametoka Lugari kuja mjini Kakamega kutolewa mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu. Daktari aliamua kulifanya la kulia kwanza, lipone kwa majuma kadhaa, ndipo alifanye la kushoto. Kati ya hapo mgonjwa alikatazwa kuinama, kuinua mzigo na kukaa karibu na moshi. Kwa mwanamke aliyelima mahindi tangu alipoolewa, hilo lilikuwa sawa na kuambiwa akae bila kufanya lolote liitwalo kazi.

Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawalali chini ya paa moja. Hawashikani mikono, hawakai meza moja, hawasemezani ana kwa ana, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake kwa mbali. Si ugomvi. Ni heshima, na kama heshima nyingine ina usumbufu wake. Kwa hiyo sisi tuliokaa mtaa wa Shirere tulimpangia chumba katika ploti ya jirani, iliyojaa wanafunzi. Dirisha lake dogo lilitazama ua wa jikoni kwetu, na kati yetu palikuwa na uzio wa michongoma ambao mtu angeweza kupitisha kikombe juu yake bila kumwaga chai. Mke wangu alikuwa akilala naye huko. Alfajiri alikwenda sokoni kwenye kibanda chake cha nguo, akarudi jioni.

Mama mkwe hakutaka kukaa. Kila siku tulimsikia akisema mahindi yanataka palizi, na kwamba jicho moja linamtosha mtu anayejua shamba lake. "Nikienda nitarudi," alisema. Mke wangu hakuamini. Mama yake mdogo alikuwa amesema maneno hayo hayo miaka iliyotangulia, na aliporudi mjini alikuwa ameshikwa mkono, haoni tena.

Ndipo shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, akaja kutoka Nairobi na chupa ya jemu iliyofungwa ndani ya sweta. Alikuwa akifanya kazi kwa wageni waliokuwa wakihama nchi, nao walikuwa wamemwachia samaki. Nilisikia mazungumzo yao kupitia dirishani huku nikipasua kuni.

"Mama, nimekuletea wa kukaa naye."

"Samaki mmoja? Huyo hatoshi hata mchuzi."

"Si wa kula. Ni wa kutazama. Wanaita betta. Huyu ni dume. Akiona dume mwingine wanapigana hadi mmoja afe, kwa hiyo anaishinga peke yake."

"Hawezi kuonana na mwenzake uso kwa uso?"

"Hawezi, Mama."

"Basi amefika nyumbani," mama mkwe alisema, akipaza sauti kidogo ili ivuke michongoma. "Naye ana mkwe."

Bandeji ilikuwa imeshatolewa, lakini miwani ilikuwa haijatengenezwa, na bila miwani jicho lile lilimpa rangi tu bila umbo. Alimwona samaki kama kitambaa chekundu kinachotembea majini. Hilo lilimtosha. Alimwita Mgeni, akamweka juu ya stuli kando ya kitanda, akaanza kumsemesha, na habari za palizi zikapungua. Mgeni haachwi peke yake nyumbani, alisema. Lakini alisema pia jambo la pili, ambalo mke wangu aliniletea jikoni jioni hiyo akiwa amesimama, hajavua hata kitambaa cha kichwa.

"Anasema mgeni akifia mikononi mwake, hiyo ni ishara. Atapanda gari la Lugari siku hiyo hiyo." Akanigeukia. "Baba Watoto, huyo samaki asife kabla ya jicho la pili."

"Nitajaribu."

"Kujaribu ni kwa mitihani."

Wakati huo nilikuwa mtunza maabara katika shule ya upili. Shule yangu mimi iliishia darasa la saba. Mengine niliyapata kwa kusoma vitabu vilivyoachwa na wanafunzi, na karatasi za maelekezo zinazokuja ndani ya maboksi ya vifaa, ambazo watu wengi huzitupa. Kutokana na karatasi hizo nilijifunza kwamba kabla ya kutengeneza kitu ni lazima ujue kinataka nini, si wewe unataka nini. Katika maktaba ya mji nilipata kitabu kimoja cha zamani chenye sura kuhusu samaki wa aina hii. Nilikisoma nimesimama, kisha nikakisoma nimekaa.

Kilisema betta anatoka nchi za joto na anataka maji ya nyuzi ishirini na tano hivi au zaidi kidogo, na kwamba baridi haimuui mara moja ila humlegeza, akaacha kula, akapata magonjwa. Kilisema pia kwamba ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji kama sisi, kwa hiyo hafi upesi kwa kukosa hewa majini, lakini ni lazima abaki na nafasi ya kupumua, na hewa hiyo isiwe baridi kuliko maji. Na kilisema hapendi mkondo. Mapezi yake ni marefu. Mbele ya chujio lenye nguvu huwa kama mtu aliyevaa gauni refu akivuka mto.

Niliweka kipimajoto changu ndani ya ndoo ya maji jikoni. Asubuhi, baada ya usiku wa mvua ya mawe, kilisoma kumi na tisa. Kwa hiyo joto lilikuwa jambo la kwanza, chujio la pili. Kitabu kilipendekeza hita ya stima na pampu ya stima, nami nikaenda kumwona mwenye ploti, mama mnene mcheshi ambaye sisi sote tulimwita Mama Ploti. Swichi kubwa ilikuwa chumbani kwake, naye aliizima kila alipokwenda kulala.

"Mwalimu," aliniambia, ingawa alijua mimi si mwalimu, "stima ya ploti yangu ni ya balbu. Pasi, hapana. Jiko la koili, hapana. Sasa samaki?"

"Ni kifaa kidogo sana, mama."

"Leo ni samaki. Kesho mwanafunzi ataniambia anaangua mayai. Kwani huko kwao mtoni kuna stima?"

Swali lilikuwa zuri.

Jiko la makaa lilikuwa limekatazwa na daktari, na mimi mwenyewe nisingelikubali katika chumba chenye dirisha dogo kama lile. Taa ya mafuta ilikuwa na moshi uleule. Nilibaki na maji moto. Nilipokwenda Kisumu kumnunulia mkuu wa maabara mirija ya kioo, niliingia katika duka lililouza samaki wa mapambo, nikatazama hita zao kwa sababu kutazama hakuhitaji soketi. Zote zilikuwa za matangi makubwa.

"Tangi lako ni kubwa kiasi gani?" muuzaji aliuliza.

Nilimwonyesha kwa mikono. Lilikuwa bakuli la kioo la maabara lenye ufa ukingoni, lililokuwa limetolewa kwenye matumizi, na lilichukua maji kama ya sufuria ya familia.

"Na samaki ni wangapi?"

"Mmoja."

"Chukua hii basi," alisema akinipa hita kubwa kuliko zote, "na bizari na nyanya."

Nilinunua mita mbili za mpira mwembamba wa hewa na jiwe la kutoa mapovu, nikaondoka.

Chujio lilinijia njiani kuelekea kazini, kwenye kona walipokaa waendesha baiskeli wa kubeba abiria. Fundi wa pancha alikuwa akizamisha tyubu katika karai, akiikamua huku akitafuta tundu. Uzi wa mapovu ulipanda kutoka mahali pamoja, laini, bila haraka. Nilisimama pale hadi akaniuliza kama nina baiskeli. Hakuna chujio rahisi kuliko lile la sponji: bomba fupi limesimama katikati ya sponji, hewa inaingia chini ya bomba, mapovu yakipanda ndani yanavuta maji, na maji yakitaka kuingia ni lazima yapite kwenye sponji na kuacha uchafu wake humo. Pampu ya stima ni njia moja tu ya kupata hewa. Tyubu ya gari iliyojazwa kwa pampu ya baiskeli na kubanwa mdomo na kibanio cha maabara ni njia nyingine, na haina bili.

Nilikata sponji kutoka ukingo wa godoro kuukuu na kuichemsha. Nililijaribu chujio jikoni kwangu mchana na usiku. Kibanio kikifunguliwa sana, maji yalizunguka kama yanayokorogwa; kikibanwa vizuri, mapovu yalitoka moja moja na tyubu ilidumu hadi jioni. Nilikiacha hapo, nikatia alama ya rangi kwenye skrubu.

Joto lilinishinda kwa siku mbili zaidi. Chupa ya maji moto, nikiivisha soksi na kuiegemeza kwenye bakuli, ilipandisha joto vizuri lakini halikukaa. Nilizungushia blanketi, nikazungushia magazeti. Mke wangu aliyasimulia haya kwa mama yake, na jibu likarudi kupitia dirishani, likiwa limeelekezwa kwa samaki.

"Mgeni, huyo fundi wako hajawahi kufuga kuku? Kifaranga asiye na mama anafunikwanga na kapu."

Alikuwa na kapu. Alikuja nalo kutoka Lugari likiwa na maharagwe, kapu zito la kusukwa kwa mkono, pana, lenye mdomo uliokaza. Mke wangu alilishonea ndani kitambaa kilichojazwa maganda makavu ya migomba. Bakuli lilikaa juu ya kigoda kilichofunikwa kwa gunia; chupa iliyovaa soksi ikakaa kando yake; kapu likageuzwa na kufunika vyote viwili, upande mmoja ukiinuliwa kwa kijiti ili mpira upite na hewa iingie. Hewa iliyokuwa juu ya maji nayo ilipata joto, jambo ambalo blanketi halikuweza. Jikoni kwangu, kwa kufanya hivyo, kipimajoto kilisoma ishirini na sita wakati wa kulala na ishirini na nne alfajiri. Niliridhika.

Kuhamisha vitu hivi ndiko kulikokuwa kazi. Mimi nilisimama kwenye michongoma, mke wangu alikuwa ndani.

"Weka sponji kulia," nilisema.

"Kulia kwako au kulia kwangu?"

"Kulia kwa bakuli."

"Bakuli ni la mviringo, Baba Watoto."

Sauti ya mama mkwe ikaja kutoka kitandani. "Mwambie aseme upande wa mlango au upande wa kitanda. Kulia-kushoto ni ya askari."

Sponji iliwekwa upande wa kitanda. Kibanio kilipofunguliwa, niliyasikia mapovu kutoka nje. Nilikuwa nimehesabu sauti ile kuwa kasoro ya mtambo wangu, kwa sababu kitabu kilisifu machujio ya kimya. Mama mkwe alisikiliza kwa muda.

"Inanguruma kama tumbo la ndama," alisema. "Iacheni hivyo. Nikiisikia najua yuko."

Tangu hapo kila asubuhi, kabla sijaenda kazini, niliuliza. Nilisimama mahali pangu na kusema hewani, kama mtu anayejisemea, "Hali ya maji?" Mama mkwe naye alimjibu samaki. Kwanza nilisikia maji yakitikisika, kisha jibu: "Hari iko!" Wakati mwingine: "Hari iko sawa." Siku moja ya baridi kali: "Hari imepungua kidogo," na mke wangu alipoambiwa jioni aliongeza chupa ya pili. Nilikwenda kazini nikiwa na utulivu wa mtu aliyesoma kifaa chake na kukiamini.

Hapa ni lazima nieleze jambo kuhusu ndimi zetu. Huku kwetu l na r huazimana viti. Mtu huenda kupiga kula siku ya uchaguzi na kukaribishwa kura chakula, na hakuna anayepotea, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake anasema nini. Mimi nimesoma kamusi sana, na nikiandika naandika hali kwa l. Nikisema, sijui kinachotoka. Sikuwahi kufikiri kwamba lile neno lingine, hari, ambalo kwenye kamusi ni joto na jasho, lingeweza kukaa katika sentensi yangu na kujibiwa kwa uaminifu kila siku.

Jumapili moja mke wangu hakwenda sokoni. Siku nyingine alikuwa akiondoka kabla hakujapambazuka na kurudi giza likiingia. Alitelezesha chupa chini ya kapu bila kulifunua, akajaza tyubu, akalala. Jumapili hiyo aliliinua kapu saa ya jua, na nilisikia akiguna.

"Baba Watoto. Njoo dirishani."

Nilikwenda. Mkono wake ulipita kando ya pazia ukiwa na glasi ya maji. Hapakuwa na haja ya kuyapima. Yalikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele, na yalinuka uji uliochacha. Punje nyeupe zilikuwa zikielea humo, zimevimba.

"Samaki akoje?"

"Yuko juu juu. Amekunja mapezi yote. Anavuta hewa kama mtu mwenye pumu."

Nilichukua punje moja kwa kidole nikaisugua. Niliijua. "Hiki ni ugali."

Mama mkwe akasema, bila aibu yoyote, "Mgeni, waambie. Siku ya kwanza walinipa lile vumbi la kwenye mkebe nikupe. Je, hicho ni chakula? Nani atafika kwangu, alale, aamke, bila kuonja obusuma, ugali wa kwetu?"

"Lakini, Mama," mke wangu alisema, "kila asubuhi anauliza hali ya maji. Na wewe unasema iko sawa!"

"Ndiyo. Anauliza hari ya maji. Natumbukiza kiwiko kama tunavyopimianga mtoto maji ya kuoga, nampa hari. Siku imepungua nilisema imepungua. Hajawahi kuuliza uchafu!"

Nilisimama na glasi mkononi. Ilichukua muda neno lile kugeuka ndani ya kichwa changu na kuonyesha upande wake wa pili. Ndani, mke wangu alianza kucheka, akajaribu kuzuia, akashindwa. Mama yake akacheka kwa kumfuata, hajui bado kichekesho ni nini. Mimi pia nilicheka, mgongo kwa dirisha kama inavyostahili. Kisha nikakumbuka maji.

Nilitoa maelekezo polepole. Wasiyamwage maji yote. Watoe nusu, waweke mapya. Maji mapya yasitoke moja kwa moja kwenye bomba, kwa sababu yana dawa. Nilikuwa na ndoo iliyokaa tangu juzi. Niliyapasha moto hadi kipimajoto kikasoma sawasawa na glasi niliyopewa, kisha nikaipitisha ndoo juu ya michongoma. Mke wangu alipokuwa akichota, nilisikia mama mkwe akiinuka kitandani.

"Na hiyo sponji ndiyo imekuwa chafu kuliko vyote. Nipe. Kuna sabuni hapa, na jivu nje. Nitaisugua iwe nyeupe."

Ndani ya sponji ile, baada ya majuma yale, walikuwa wamejenga viumbe wadogo wasioonekana wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki. Hao ndio chujio lenyewe. Godoro ni nyumba yao tu. Sabuni ingewaua wote, na mabaki yake yangemmaliza samaki aliyekuwa tayari amelegea. Niliona mambo hayo yote kwa pamoja, pamoja na gari la Lugari, na jicho la kushoto, na mke wangu amesimama jikoni na kitambaa chake.

"Hapana, Mama!"

Lilinitoka kwa sauti kubwa, moja kwa moja, kupitia dirishani. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimewahi kumtamkia mama mkwe neno. Mke wangu aliacha kuchota. Mwanafunzi aliyekuwa akifua upande wa pili wa ploti naye aliacha. Nilitazama chini, kwenye miguu yangu, na nilihisi masikio yangu yakipata moto.

Ndani lile tumbo la ndama liliendelea kunguruma. Kisha mama mkwe akasema, taratibu, kwa samaki:

"Umesikia, Mgeni? Upepo wa mji huu una kelele." Nikasikia kitanda kikilia alipokaa tena. "Haya, mtoto wangu, muulize baba wa watoto wako hiyo sponji tuifanyeje."

Mke wangu aliuliza, nami nilimjibu mke wangu. Waikamue ndani ya yale maji machafu waliyoyatoa, mara chache tu, kisha wairudishe ikiwa bado na rangi yake. Mama mkwe alinung'unika kwamba hajawahi kuona kitu kikioshwa kwa uchafu, lakini sponji ilirudi mahali pake, upande wa kitanda.

Kesho yake tulirudia, na kesho kutwa. Sikuuliza tena hali. Niliuliza, "Joto?" akajibu, kisha nikauliza, "Harufu?" nikasikia akivuta pua juu ya bakuli. Macho yake hayakuwa na uwezo wa kuona ukungu wa maji, lakini pua yake haikuwa na mtoto wa jicho. Samaki alibaki juu, mapezi yamekunjwa. Mama mkwe hakusema lolote kuhusu ishara wala Lugari, na kutosema kwake kulitutia wasiwasi zaidi ya kusema. Mke wangu aliona mfuko wa mama yake umefungwa, umewekwa kando ya mlango.

Lilibaki suala la chakula. Nilijua hatakubali mgeni ashinde na vumbi la mkebe. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na jioni kumbikumbi walitoka ardhini kwa maelfu. Watoto wa Shirere nzima walikuwa nje na mabakuli. Nilikumbuka kwamba kitabu kilisema betta kwao hula wadudu wanaoanguka majini. Nilikusanya bakuli zima, nikampa mke wangu: wengi wa kukaanga kwa ajili ya mama yake, na wachache wabichi, waliotolewa mbawa na kukatwa vipande vidogo.

Nilisikiliza kutoka kwenye michongoma. Mama mkwe alikuwa akitafuna.

"Mgeni, leo tunakula sahani moja. Haya, wako huyu."

Kitambo kirefu. Mapovu.

"Mama, amemsogelea," mke wangu alisema. "Anamtazama."

"Asitazame. Ale. Anatazama nini, ni bei?"

Kisha wote wawili wakapiga kelele kwa pamoja, na nikajua.

Mfuko ulifunguliwa usiku ule. Siku ya jicho la pili ilipofika, mama mkwe alikwenda hospitali akiwa ameshikwa mkono na binti yake, na kabla ya kutoka alimwagiza Mama Ploti ajaze tyubu ikinyamaza. Mama Ploti, ambaye alikuwa amekataa soketi, aliijaza. Aliniambia baadaye kwamba aliisikiliza siku nzima kama anayengoja mtoto azaliwe.

Miwani ilikuja baada ya jicho la pili kupona, minene, yenye fremu ya kahawia. Samaki alikuwa amehamia kwetu kufikia hapo, kwa kuwa mama mkwe alikuwa akijiandaa kurudi nyumbani na safari haikumfaa Mgeni. Asubuhi ya kuondoka alisimama uani kwetu, nje ya baraza, kama desturi inavyotaka. Nilitoa bakuli, nikaliweka juu ya stuli kwenye jua, nikarudi nyuma ya mlango wa jikoni. Kupitia ufa niliona mgongo wake na kilemba chake.

Aliinama, maana sasa aliruhusiwa kuinama. Alisogeza uso hadi miwani ikakaribia kioo. Nadhani samaki aliona katika zile lenzi nene samaki mwekundu mwingine, kwa sababu alitanuka ghafla, kila pezi limefunguka, na chini ya mashavu yakatoka yale makunjo meusi ambayo dume hutoa akikutana na mpinzani.

"Ana ndevu!" mama mkwe alisema. "Muda wote huu nimekaa na mwanamume mwenye ndevu na hamkuniambia!"

"Anataka kupigana nawe, Mama."

"Hapana, ameona mkwe wake." Akajitenga kidogo, akajifuta machozi ya kicheko chini ya miwani, akatazama tena, kwa muda mrefu, kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Hakuna aliyemharakisha.

Aliponyooka alimsemesha samaki. "Mgeni, mwambie anayekutunza kwamba lile kapu ni la maharagwe. Nalitaka." Mke wangu alikuwa ameshalifumua kitambaa, lilikuwa limesimama mlangoni, limejazwa sukari na majani ya chai. "Na ule upepo uliopiga kelele siku ile," aliongeza akigeuka kuelekea barabarani, "muuambie asante."

Nilingoja hadi sauti zao zikaishia kwenye kona, kisha nikatoka kumwingiza samaki ndani, kwa sababu wingu lilikuwa limeanza kufunika jua na maji yalikuwa yameanza kupoa.